Hema la Bwana Mifugo

Ng'ombe akiugua pale Ngokolo, Shinyanga, watu walimwita Bwana Mifugo, na kabla hujamaliza kumweleza dalili alikuwa ameshaamua. Nilimwona siku moja kwa jirani yetu. Ng'ombe amevimba tumbo, anakoroma, watu wamemzunguka na kila mmoja ana dawa yake. Bwana Mifugo akateremka kwenye pikipiki, akapapasa ubavu wa kushoto, akatoa chuma chake cha kutobolea, akachoma. Hewa ikatoka kwa mlio mrefu. Yeye akakifuta kile chuma kwenye suruali, akawasha pikipiki, akaenda zake wakati watu bado wanabishana kuhusu magadi.

Mtu huyohuyo, ukifuatana naye dukani kununua shati, ulijuta kumfahamu. Angelishika la bluu, akalitoa nje kulitazama kwenye jua, akalirudisha, akaulizia la kijivu, akavuta vifungo vyote kimoja kimoja, halafu akamwambia mwenye duka, "Tusikurupuke," na kuondoka mikono mitupu. Neno lake lilikuwa hilo. Tusikurupuke. Alilisema kwa upole kiasi kwamba ilikuchukua muda kugundua kwamba umekasirika.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, na karakana yangu imepakana na ukuta wa nyumba yake. Ndiyo maana nilimjua, na ndiyo maana naweza kusema kwamba nimepoteza sehemu ya maisha yangu kwa ajili yake. Nilimchorea grili za madirisha yake nikachoka. Maua hakutaka, yangekusanya vumbi. Mistari iliyonyooka ilimkumbusha mahabusu. Duara zilikuwa za kitoto. Nyumba ile ilikaa na mbao kwenye madirisha hadi mkewe, Mama Kulwa, alipokuja karakana wakati mzee yuko kazini, akaelekeza kidole kwenye grili za mteja mwingine na kusema, "Nitengenezee kama hizi." Bwana Mifugo aliporudi na kuzikuta, alizitazama, akasema zimepanda juu kidogo.

Hakuwa mtu mbaya. Mbuzi wa wajane aliwatibu bure na alikataa hata soda. Hakunywa maziwa, yeye aliyekula mshahara wa maziwa ya watu, na ukimuuliza sababu alijibu, "Najua yanakotoka." Alisalimia watoto kwa Kisukuma na wakubwa kwa Kiswahili cha ofisini. Alikuwa na tabia nyingine ambayo sikuielewa kwa miaka mingi. Akirudi kutoka porini alikuwa akiimba kwa kuguna, wimbo mmoja wa wachungaji, huku akiosha pikipiki pale uani. Aliuimba siku ya kwanza, pengine na ya pili. Baada ya hapo alinyamaza, na hungemsikia tena mpaka safari nyingine.

Kazi yake ilikuwa Bukombe, enzi ambazo Bukombe bado ilikuwa ndani ya mkoa wetu. Alikwenda kwa majuma kuchanja na kukagua majosho, kisha akarudi Ngokolo amejaa tope, sauti imekauka. Akishaketi, mtaa mzima ulimsikia. "Mama Kulwa, kule ni mateso. Mbu. Fisi. Nimelala juu ya jiwe." Mama Kulwa alikuwa anauza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga sokoni na kulea mapacha, Kulwa na Dotto, kwa mikono yake miwili. Hata hivyo alikuwa anaacha kila kitu. Alimwekea maji ya moto, akachinja kuku, akawatuma watoto wakacheze kwetu ili baba apumzike. Mwaka upepo ulipoezua bati za jikoni kwake, ni mimi na vijana wa karakana tuliozirudisha. Bwana Mifugo alipofika, Mama Kulwa hakumwambia hata kidogo. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ana shida zake za kutosha, Baba Neema."

Alipostaafu, Dotto alikuwa na kazi nzuri Geita, kwenye kampuni ya wachimbaji. Kampuni hiyo ilikuwa imefanyia majaribio pikapu za umeme na sasa inaziuza, naye akamchukulia baba yake moja yenye kabini mbili, ili mzee aache pikipiki. Ngokolo yote ilikuja kuitazama. Ilikuwa inatembea bila mlio, mbuzi hawakuisikia, na Bwana Mifugo alilazimika kupiga honi kila kona. Usiku aliichomeka kwenye umeme wa nyumbani, na umeme ukikatika alitoka nje kuipapasa kama anavyompapasa ndama mwenye homa.

Nilikuwa pale uani, nafunga mabano ya kuvutia tela kwenye pikapu, Mama Kulwa aliposema.

"Baba Kulwa, sasa gari tunalo. Nipeleke kule ulikokuwa unalala."

"Kule wapi?"

"Kule porini. Miaka yote hiyo nasikia tu."

"Mama Kulwa, kule ni mateso. Nimekwambia mara ngapi?"

"Ndiyo nataka nikayaone."

Alijikuna kidevu. "Huwezi kulala chini wewe. Nyoka. Labda tungepata hema, yale yanayofungwa juu ya gari, mtu anapanda kwa ngazi."

"Tafuta hilo hema," akasema Mama Kulwa, akaingia ndani.

Siku ile nilifurahi. Nilidhani nimepata kazi ya keria na malipo yake. Sikujua nimeingia kwenye nini.

Tulikwenda Geita, kwenye duka moja linalouza vifaa kwa watafiti wa madini, wale wanaolala maporini wakitafuta miamba. Muuzaji alikuwa mtu mvumilivu, Mungu ambariki. Alitufungulia kwanza hema la ganda gumu, unabonyeza vitasa linainuka lenyewe, godoro limo ndani. Mama Kulwa akalipapasa godoro, akasema, "Hili." Bwana Mifugo akauliza uzito. Alipoambiwa, akatikisa kichwa: paa la kabini halikutengenezwa kubeba mzigo huo gari likiwa linarukaruka, na zaidi ya hapo lingekula chaji, tungeishia njiani. Muuzaji akamletea la turubai, jepesi, la kukunjua. Hilo likilowa lingechukua siku nzima kukauka, akasema, na lingepigwapigwa na upepo njia nzima. Muuzaji akatoa wazo la maana kabisa: lifungwe kwenye keria nyuma, juu ya bodi, usawa wa kabini, upepo usiligonge. Mimi nikasema naweza kutengeneza keria hiyo. Mama Kulwa akasema, "Basi yamekwisha."

"Tusikurupuke," akasema Bwana Mifugo.

Nilitengeneza keria. Akasema imepanda juu. Nikaikata nikaishusha. Akasema sasa mizigo haitaingia chini yake. Nikaiwekea miguu ya kufungua kwa nati. Akasema nati zitalegea barabara za vumbi. Kila mara alikuja na futi kamba na maneno matamu, "Fundi, wewe ni bingwa, ila hapa," na hapo "ila" nilikuwa nasikia damu ikinipanda kichwani. Ilikuwa imekuja mvua, ikapita, na keria bado iko karakana imeegemea ukuta, kuku wa Mama Kulwa wanalala juu yake.

Vifaa vingine vilikuwa vilevile. Jiko la gesi lingeweza kuvuja. Jiko la umeme, la kuchomeka kwenye gari, "tutapika ugali halafu turudi tukisukumwa." Friji ndogo: "Tunapeleka nini cha kugandisha?" Wiki iliyofuata akawa anaitaka hiyo friji. Viti vya kukunja alivikalia vyote pale dukani, kimoja baada ya kingine, akiegemea na kuinuka, muuzaji anatazama nje. Akachukua taa. Akairudisha kwa sababu mwanga wake ulikuwa mweupe mno na ungeita wadudu. Alikuwa na simu iliyojaa picha za mahema, na alinionyesha akiwa upande wa pili wa ukuta, ananyoosha mkono juu ya matofali wakati nimevaa kioo cha kuchomelea. "Hili unalionaje?"

Watu walianza kusema. Mtaani hakuna kinachokawia bila kupewa sababu. Walisema Bwana Mifugo ana mwanamke huko Bukombe, pengine na watoto, na ndiyo maana hema halipatikani. Nami nilifikia kuamini hivyo, kwa sababu sikuona maelezo mengine. Mtu anayetoboa ng'ombe bila kupepesa macho anawezaje kushindwa na zipu?

Mama Kulwa alikuja karakana akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Baba Neema, niambie ukweli. Ana mtu kule?"

"Mama Kulwa, mimi sijui."

"Wanaume huwa mnajua."

"Wallahi sijui."

Akatazama keria na kuku wake. "Basi nitakwenda kuuliza mwenyewe."

Kulikuwa na mfugaji mmoja wa upande wa Runzewe aliyekuwa akileta ng'ombe mnadani Shinyanga na kupita nyumbani kwa Bwana Mifugo na samli. Alipokuja safari hiyo, Mama Kulwa alimpa chai akamuuliza mume wake alikuwa analala wapi huko kwao. Yule mfugaji akacheka kwa furaha. "Mayo, mama yangu, si Kwa Bwana Mifugo? Mpaka leo tunapaita hivyo. Nitakupeleka, ni karibu na kwangu."

Nilimwona Mama Kulwa akiweka birika chini taratibu.

Asubuhi iliyofuata Bwana Mifugo alipanda basi kwenda Geita, maana Dotto alimwambia dukani kumeingia mahema mapya yenye zipu za shaba. Basi halijafika hata stendi ya pili, nadhani, Mama Kulwa alikuwa karakana ameshika ufunguo wa pikapu. Aliniuliza kama nina kazi. Nilikuwa nayo. Nikaiacha. Tulipakia godoro lao la kitandani, chandarua, turubai langu la karakana, jiko la mkaa, sufuria mbili, madumu ya maji na gunia la michembe. Kazi yote ilituchukua muda wa kunywa chai. Nakumbuka nilisimama nikiutazama ule mzigo, nikakumbuka zile safari zote za Geita, nikatamani kulia.

Kahama tulisimama, sisi na yule mfugaji, kuchaji kwenye gesti. Mama Kulwa akampigia mumewe simu mbele yangu.

"Tuko Kahama. Tunaenda kwako."

"Kwangu wapi?"

"Kwako kule." Akakata, akazima simu kabisa.

Tulilala hapohapo gesti, na kesho yake tukapita Runzewe tukaingia barabara ya vumbi, mfugaji ameketi mbele akielekeza. Alituonyesha kwa mkono, akashuka kwake kwanza kuona ng'ombe. Tukafika sisi wawili.

Nilikuwa nimejiandaa kuona nyumba. Nilitazamia bati, kamba ya nguo, mtoto akichungulia. Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na mawe makubwa yaliyoegemeana, na chini yake lambo la kunyweshea ng'ombe, maji yametulia, yangeyange weupe wamesimama ukingoni. Kati ya mawe mawili kulikuwa na mahali mtu alipopanga vijiwe vizuri akatengeneza kiti cha kuegemea, kinachotazama maji. Pembeni jiko la mafiga, na mti wa mwarobaini ambao lazima mtu aliupanda, maana haukuwa na mwenzake kule. Upepo ulikuwa wa baridi. Mbu sikumsikia hata mmoja.

Mama Kulwa alizunguka yale mawe yote. Alichungulia nyuma, akachungulia chini. Kisha akaja akakaa kwenye kile kiti cha mawe, na kilimtosha vizuri kabisa. Akatazama lambo muda mrefu. Ng'ombe walianza kushuka kunywa maji, kengele zinalia, na wachungaji wakawa wanaimba. Ulikuwa ule wimbo wa kuoshea pikipiki.

Bodaboda ilisikika jua likianza kulegea. Bwana Mifugo alishuka amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, begi la safari begani. Nadhani alikuwa amepanga la kusema toka Geita. Lakini alipoliona gari, mdomo ulimtangulia.

"Nani amekwambia uegeshe hapo, fundi? Upepo unatokea huku! Geuza."

"Kumbe unajua upepo unatokea wapi," akasema Mama Kulwa, bado ameketi.

Bwana Mifugo akajipangusa vumbi usoni.

"Baba Kulwa, hapa ndipo ulipokuwa unateseka?"

"Wakati wa masika..."

"Nakuuliza hapa."

Bwana Mifugo aliweka begi chini. Alinitazama mimi, nami nikajifanya nafunga turubai. Ninakumbuka sauti yake ilivyokuwa ndogo. "Ningekwambiaje, Mama Kulwa? Ningerudi nyumbani nikakukuta na wale watoto wawili, mmoja mgongoni mmoja analia, nikakwambia nimekaa kwenye jiwe natazama ndege? Ilikuwa rahisi kusema mbu."

"Nilikuwa nakuonea huruma."

"Najua."

"Nilikuwa nachinja kuku wa kuuza."

"Najua."

Mama Kulwa akainuka. Nilifikiri atampiga, na sidhani kama angekataa. Akasema, "Ningemkuta mwanamke, ningejua la kufanya. Ningempiga, ningekupiga na wewe, ningerudi kwetu. Sasa nigombane na lambo?"

  Mama Kulwa alipika mwenyewe, akatugawia. Alilala kwenye bodi ndani ya chandarua, mzee akajikunja kwenye viti vya kabini, mimi nikalala chini ya turubai nikiogopa wale nyoka niliohadithiwa, ambao hawakuja.

Asubuhi, kabla ya chai, Mama Kulwa alimwamsha mumewe kwa kugonga kioo.

"Hapa si pekee ulipokuwa unalala."

"Hapana."

"Nitapaona pote."

Tukarudi kupitia Geita. Pale dukani Bwana Mifugo alianza kumweleza muuzaji habari za zipu. Mama Kulwa akapita katikati yao, akaelekeza kidole kwenye hema la kijani, la turubai, lililokuwa limerudishwa na mtu na kushushwa bei. "Hili." Likafungwa kwa kamba, likapakiwa. Keria yangu, niseme ukweli, haikulitosha. Ilibidi niikate tena.

Miezi mingi ilipita sikuwa nao karibu, kazi zilinihamishia Kahama. Kutoka mtaani nilisikia tu kwamba wanakwenda na kurudi, na kwamba akiwa nyumbani Mama Kulwa haongei sana na mumewe.

Kiangazi hiki nilipeleka mageti Runzewe. Wakati vijana wanashusha, niliiona pikapu kwenye ua wa gesti, waya umetolewa dirishani kuichaji, hema la kijani juu yake lina viraka. Bwana Mifugo alikuwa ameketi kwenye ngazi ya hema, kofia mkononi. Amekonda. Ndevu zimekuwa nyeupe zote.

"Shikamoo Bwana Mifugo."

"Marahaba, fundi. Hii ngazi iko upande usiofaa. Nilisema toka mwanzo."

Nilicheka, ingawa kale kahasira ka zamani kalinigusa. Nikamuuliza safari.

"Tunazunguka," akasema. "Kila nilikolala anataka kufika. Tukifika anakaa, ananiambia nieleze mwaka ule niliona nini, nilikula nini, nilikuwa nafikiri nini. Nisifiche. Namweleza. Nikimaliza, anaanza yeye. Ananieleza siku hizohizo kule Ngokolo alikuwa anafanya nini, mwaka kwa mwaka, tangu mapacha wazaliwe." Akageuza kofia mikononi. "Surua ya Dotto. Nilikuwa sijui kama alifikia kubebwa kwa toroli. Bati za jikoni. Wewe ulijua habari za bati?"

"Nilijua."

"Nami nilikuwa naangalia ndege." Akapangusa macho kwa kiganja, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. "Nimechoka, fundi. Mgongo unauma. Hema lenyewe linavuja."

"Si umwambie mpumzike? Mrudi nyumbani?"

Mama Kulwa alitokea mlangoni mwa gesti na dumu la maji, akanisalimia kwa kichwa, akaanza kuukunja waya. "Baba Kulwa, chaji imejaa."

Mzee akasimama kwa kujishikilia, akavaa kofia.

"Nirudi vipi?" akaniambia. "Watoto ndiyo kwanza wameingia darasa la tatu."